Daftari Moja, Kalamu Mbili

Mwaka 1998 watu wa Rufiji walianza kuandikwa kwa namna ambayo wilaya hiyo haikuwahi kuiona. Haikuwa sensa ya kupita mara moja na kurudi baada ya miaka kumi. Mradi wa TEHIP, uliokuwa chini ya Wizara ya Afya ya Tanzania kwa ushirikiano na taasisi ya IDRC ya Kanada, ulipima eneo la kilomita za mraba 1,813 lenye vijiji 31 na watu wapatao 85,000, ukaanza kuzifuatilia kaya zake zote mara tatu kwa mwaka. Nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kaolewa na kwenda zake. Ikwiriri ilikuwa makao ya kazi. Mchukwi, pale penye hospitali ya misheni kando ya barabara iendayo kusini, ilikuwa miongoni mwa kata zilizoingizwa, pamoja na Kibiti na Bungu. Visiwa vya delta ya mto Rufiji vilibaki nje.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Mrufiji hakai pahali pamoja mwaka mzima. Msimu wa kilimo familia huhamia bondeni, hulala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, kisha hurudi. Mdadisi akifika akakuta mlango umefungwa, hana budi kuuliza kwa jirani: wamehama, au wamekwenda shamba? Majibu yaliandikwa kwenye daftari la kaya, na daftari hilo lilikuwa na fadhila moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuisema. Lilikuwa moja. Likiwa mkononi mwa mdadisi huku Mchukwi, hakuna karani Ikwiriri aliyeweza kuandika ndani yake saa hiyo hiyo.

Fadhila hiyo iliisha pale madaftari yalipofika kituoni na kuingizwa kwenye kompyuta. Makarani walikuwa zaidi ya mmoja, na kanzidata ilikuwa moja.

Tuchukue kaya ya watu sita. Karani wa kwanza anaifungua ili kuandika mtoto aliyezaliwa. Karani wa pili, meza ya jirani, anaifungua dakika ile ile ili kuandika kijana aliyehamia Dar es Salaam. Skrini zote mbili zinasoma sita. Wa kwanza anahifadhi saba. Wa pili, ambaye hana habari na mwenzake, anahifadhi tano. Kaya ina watu sita kweli kweli, lakini kompyuta inasema tano, na hakuna taa nyekundu iliyowaka. Mtoto amefutika bila mtu yeyote kumfuta.

Programu iliyotumika Rufiji iliitwa HRS, na ilizaliwa Navrongo, kaskazini mwa Ghana, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miongoni mwa walioijenga alikuwa Bruce MacLeod, mwalimu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Southern Maine, Marekani, akishirikiana na James Phillips wa Population Council. Sifa yake kubwa ilikuwa ukali. Haikukubali marehemu ahame, wala mama ajifungue mara mbili katika miezi isiyowezekana. Iliandikwa kwa FoxPro, lugha ya kanzidata ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1992 kutoka kampuni ndogo ya Ohio, na FoxPro ilikuwa na amri za wazi za kufunga: RLOCK kwa rekodi moja, FLOCK kwa faili zima. Mwongozo wake ulieleza nani anazuiwa, kwa muda gani, na nini kinatokea ukikuta mwenzako ameshafunga. Wahandisi wa kanzidata walikwisha kujua kwamba watumiaji wawili watagongana, kwa hiyo waliliandika jambo hilo kwenye kitabu.

Upande wa pili wa ufundi wa kompyuta, ule wa maktaba za programu, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie, haukuwa na bahati hiyo. Kisa chake kinaanzia mbali na Rufiji.

Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, New Jersey, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix. Kila amri na kila fankisheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina kufanya kazi moja, ilipewa ukurasa wake, na kurasa nyingi zilimalizikia kwa kichwa kidogo kilichotaja kasoro. Ulikuwa uungwana wa nadra. Makampuni ya siku hizo yaliuza mashine kwa sifa, na hapa walikuwapo watu wanaochapisha aibu zao kwa hiari. Katika toleo la saba, la mwaka 1979, ukurasa wa ctime, fankisheni inayogeuza saa ya mashine kuwa tarehe inayosomeka, uliweka chini ya kichwa hicho onyo fupi kwamba jibu linahifadhiwa mahali palepale kila mara, na wito unaofuata utalifuta.

Sababu yake ilikuwa uchumi tu. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba, hivyo ctime ilitenga nafasi moja ndogo, ikaandika tarehe humo, ikamwambia mwombaji aje aisome. Akija mwombaji mwingine, nafasi ni ile ile. Ndugu yake strtok, anayekata sentensi vipande vipande, alikuwa na siri kubwa zaidi, kwa kuwa alikumbuka ndani yake mahali alipoishia, na kwa hiyo hakuweza kukata sentensi mbili kwa zamu. Hata errno, namba inayoeleza kosa lililotokea, ilikuwa moja kwa programu nzima. Programu za wakati huo zilitembea kwa mkondo mmoja, hatua baada ya hatua, kwa hiyo madhara yalikuwa machache. Onyo la mwaka 1979 lilimlenga mzembe anayesahau kunakili jibu lake.

Kisha zikaja thredi. Thredi ni mkondo wa utekelezaji ndani ya programu, na programu moja inaweza kuwa na mikondo mingi inayokwenda sambamba, yote ikigusa kumbukumbu ile ile. Watafiti walizichezea miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaingia kwenye mashine za kuuzwa. Ghafla maktaba zote za zamani zikawa daftari moja lenye kalamu nyingi, na mahali pa kufunga palikuwa hapajatajwa. Thredi ya kwanza inaomba tarehe ya kuzaliwa, ya pili inaomba tarehe ya kifo, nafasi ya kuandikia ni moja. Mojawapo inaweza kusoma ya mwenzake.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haina adabu ya kujionyesha. Fundi akiijaribu programu mezani, watumiaji wawili, watatu, kila kitu shwari. Ikipelekwa kazini inakosea mara moja katika maelfu, na akirudi kuitafuta haipo. Ndiyo maana kuijaribu programu hakutoshi, na ndiyo maana maneno ya mwongozo yana uzito kuliko kawaida. Mtumiaji wa maktaba haoni ndani yake. Anachokijua ni kile alichoambiwa, na asipoambiwa kitu hudhani ameruhusiwa.

Dunia ilikwisha kupata kipimo cha gharama. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL, iliwapiga wagonjwa sita katika Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Nancy Leveson na Clark Turner, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1993, walieleza jinsi kazi mbili ndani ya programu hiyo zilivyogusa taarifa zilezile bila ulinzi, kiasi kwamba mhudumu mwenye vidole vyepesi aliyerekebisha maelezo haraka aliweza kuiacha mashine katika hali ya mauti. Waligundua pia kwamba maandishi ya kueleza programu hiyo yalikuwa machache mno.

Kampuni ya Sun ilijaribu tiba ya kwanza ya maana kwa upande wa miongozo. Kwenye kurasa za mfumo wake wa Solaris iliongeza mstari mmoja ulioitwa MT-Level, unaosema kama fankisheni ni salama kwa thredi nyingi, si salama, au ni salama kwa masharti. Mstari mmoja tu. Lakini kuujaza kulimlazimisha mtu fulani akae, asome msimbo wa fankisheni hiyo kutoka juu hadi chini, na aseme neno atakalodaiwa kesho. Wale wanaodhani kuandika mwongozo ni kazi ya wasioweza kuandika programu wangepewa mstari huo waujaze.

Mwaka 1995 kiwango cha POSIX 1003.1c, cha mifumo ya jamii ya Unix, kiligeuza utaratibu mzima. Badala ya kutaja zilizo salama, kamati iliamuru kwamba fankisheni zote ziwe salama kwa thredi, isipokuwa zilizomo kwenye orodha. Kutotajwa sasa kulimaanisha usalama. Wakongwe kama ctime, localtime na strtok walibaki kwenye orodha, maana kuwarekebisha kungevunja programu nyingi zilizowategemea, wakapewa wadogo zao wenye mkia: ctime_r, localtime_r, strtok_r. Hawa hawana nafasi ya siri, humtaka mwombaji alete karatasi yake mwenyewe. Na errno ikawa ya kila thredi peke yake.

Si kila mwenye mkia alifaulu. readdir_r, iliyotungwa ili kusoma orodha ya mafaili kwa usalama, ilikuja kuonekana ina hatari zake, hasa majina ya mafaili yanapokuwa marefu kuliko karatasi aliyoleta mwombaji. Mwaka 2016 maktaba ya C ya GNU, katika toleo la 2.24, ilianza kuwaonya watu waiache na warudi kwa readdir ya kale. Kilichoandikwa kuwa dawa kikahamishiwa safu ya maradhi.

Turudi nyuma kidogo. Lugha ya Java, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990 ikiwa na thredi tangu kuzaliwa, ilirudia makosa ya wazee kwa mavazi mapya. Darasa lake la kupanga tarehe, SimpleDateFormat, lilionekana la kisasa kabisa. Ndani yake lilibeba kalenda moja linayoandika juu yake kila linapoombwa kazi, yaani ctime aliyevaa suti. Mwongozo wake unasema vipanga tarehe vya namna hiyo havina ulinzi na kila thredi ipewe nakala yake, ila maelezo hayo yako chini ya maelezo marefu ya herufi za mwaka na mwezi, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki. Katika kitabu chake cha mwaka 2001, Effective Java, Joshua Bloch alitenga kipengele kizima kuwahimiza waandishi wa maktaba watamke usalama wa thredi, akapendekeza madaraja, kuanzia kitu kisichobadilika kabisa hadi kile chenye uadui na thredi hata kikilindwa. Alionya pia kwamba kuona neno synchronized, lile la kuzipanga thredi kwa zamu, kwenye msimbo hakutoshi, maana hilo ni jambo la ndani, si ahadi kwa mtumiaji.

Wa kuigwa hapa ni mwongozo wa Hibernate, maktaba ya Java aliyoianzisha Gavin King mwaka 2001 kwa ajili ya kuzungumza na kanzidata. Ulivitaja vitu vyake viwili vikuu mwanzoni kabisa, kwenye maelezo ya muundo. SessionFactory ni salama kwa thredi, jenga moja, tumieni wote. Session ni ya thredi moja, ya muda mfupi, ifungue, fanya kazi, ifunge. Anayekosea baada ya hapo hana wa kumlaumu.

Mojawapo ya milango ambayo Hibernate iliingilia Afrika Mashariki ilikuwa ya hospitali. Kule Eldoret, Kenya, mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi vya UKIMWI ulikuwa umezidiwa na mafaili. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, walianza kubuni mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Ndio OpenMRS, unaotumia Hibernate. Baadaye ulifika hata Tumbi, Kibaha, katika mkoa uleule wa Pwani wenye Mchukwi. Waandishi wake waliamua kwamba taarifa za nani ameingia kwenye mfumo zifungwe kwenye thredi yenyewe: kila ombi la daktari lina thredi yake, na kila thredi inamjua mtu mmoja tu. Maelezo ya darasa lao kuu, Context, yakawaonyesha wajenzi wa moduli jinsi ya kufungua kikao, kufanya kazi, na kukifunga hata kazi ikiharibika katikati.

Uamuzi huo ulikuwa na ncha ya pili. Mjenzi wa moduli akianzisha thredi yake mwenyewe, tuseme ya kutuma taarifa usiku, thredi hiyo inazaliwa bila mtu ndani yake, na mfumo unaikatalia. Ilibidi itungwe njia maalumu, darasa liitwalo Daemon, na njia hiyo nayo ielezwe. Hakuna anayeweza kuibahatisha kwa akili tu.

Rufiji nayo haikukaa na FoxPro milele. TEHIP ilipomalizika, ufuatiliaji wa kaya ukaendelea chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na katika muongo wa 2010 taasisi hiyo ilihamia OpenHDS, mrithi wa HRS aliyetokea chuoni kwa MacLeod, Southern Maine. Daftari la karatasi lilianza kuachia nafasi kishikwambi. Mdadisi sasa alisimama uani kwa mtu na kuandika moja kwa moja kwenye kioo, na taarifa zilikwenda kwenye seva zikitoka vijiji vingi kwa wakati mmoja. Ule uhakika wa zamani, kwamba daftari likiwa Mchukwi haliko Ikwiriri, ulikwisha kabisa.

Hapo ndipo miongozo yote ya nyuma inapokutana. OpenHDS imejengwa kwa Java, na inazungumza na kanzidata kupitia Hibernate, kwa hiyo sharti la Session ya thredi moja linaihusu. Kishikwambi kinaendeshwa na Android, ambayo mwongozo wake unatamka bila kuzunguka kwamba vifaa vya kuchora skrini si salama kwa thredi, na vinaguswa na thredi moja tu iliyopewa kazi hiyo. Ndani ya Android mna SQLite, kanzidata ndogo ya D. Richard Hipp, iliyoanza mwaka 2000. Watunzi wake wanaeleza hali tatu za kuitumia na thredi, halafu, kwa ukali unaochekesha, wanamshauri msomaji aziepuke thredi kama anavyoepuka uovu. Na seva za kazi kama hii kwa kawaida huendeshwa na Linux, ambayo chini kabisa inategemea maktaba ya C ya GNU, mjukuu wa kurasa zile za mwaka 1979.

Ajabu ni kwamba mwongozo wa maktaba hiyo, inayobeba sehemu kubwa ya seva za dunia, ulikaa miaka mingi bila kusema lolote la utaratibu kuhusu usalama wa thredi. Linux ilikuwa na thredi tangu katikati ya miaka ya 1990. Mtu alipotaka kujua kama fankisheni fulani ni salama, alisoma kiwango cha POSIX akitumaini kwamba kimefuatwa, au aliufungua msimbo wenyewe.

Kazi ya kuuziba ukimya huo ilimwangukia Alexandre Oliva, Mbrazili aliyekuwa mwajiriwa wa Red Hat. Alizipitia fankisheni zilizomo kwenye mwongozo, moja baada ya nyingine, akifuatilia kila kitu zinachokigusa, na matokeo yakatoka na toleo la 2.19, Februari 2014. Upande wa kurasa za mwongozo wa Linux zilizokuwa chini ya Michael Kerrisk, wahandisi wa Fujitsu walikuwa wameanza mwaka 2013 kuongeza sehemu ya sifa, na majedwali hayo yakaja kulinganishwa na uchunguzi wa Oliva. Sasa localtime ina alama yake: si salama, kwa sababu ya mgongano kwenye nafasi ya kuhifadhia tarehe. localtime_r ni salama, ila angalia anayebadilisha mazingira ya programu wakati huo huo. Alama hazisemi ndiyo au hapana tu, zinataja na mahali penyewe pa hatari.

Mwongozo wa maktaba ya GNU unaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: fankisheni mbili zilizo salama, zikiitwa moja baada ya nyingine, hazifanyi kitendo kimoja kilicho salama. Kwa wafuatiliaji wa kaya hili si nadharia. Kila mtu aliyeandikishwa Rufiji alipewa namba yake ya kudumu isiyofanana na ya mwingine. Programu ikiuliza kwanza kama namba haijatumika, kisha ikaigawa, kila hatua inaweza kuwa salama kwa thredi mia, na bado watoto wawili, mmoja wa Mchukwi na mwingine wa Bungu, wakapewa namba moja katika ule upenyo baina ya swali na ugawaji. Ulinzi wake hutafutwa kwenye kanzidata, kwa kuzifunga hatua mbili pamoja.

Oliva hakujifanya mtabiri. Kila alama aliitanguliza na neno linalosema kwamba tathmini hiyo ni ya awali, imetokana na kusoma msimbo ulivyo, na si ahadi kwamba matoleo yajayo yatabaki hivyo. Baadhi ya wasomaji huliona neno hilo kama kukwepa wajibu. Linafaa kusomwa kinyume chake, kwa kuwa linamtenganishia mjenzi kilicho kweli leo na kilichohakikishwa na kiwango, tofauti ambayo miongozo mingi huimeza.

Machi 2014, mwezi mmoja baada ya toleo lile la Oliva, Java 8 ilitoka na vifaa vipya vya tarehe vilivyotokana na juhudi za Stephen Colebourne. Maelezo ya DateTimeFormatter yanasema ni kitu kisichobadilika na salama kwa thredi. SimpleDateFormat haikuondolewa, kwa sababu programu nyingi bado zinaitegemea, na onyo lake liko palepale, chini ya jedwali la herufi.